Ami anasema chuo hakitanifundisha kitu: je, nikasomee ubunifu wa samani?

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata C+. Tangu nikiwa shule ya msingi nashinda katika karakana ya ami yangu. Napiga msasa, nawamba vitanda, na siku hizi ananiachia patasi kwa nakshi ndogondogo. Nataka kusomea ubunifu wa samani chuo kikuu. Ami anasema chuo hakina cha kunifundisha ambacho karakana haina. Baba anauliza nitaajiriwa na nani. Je, shahada hiyo ipo Kenya, na inastahili miaka minne ya maisha yangu? Na je, ninunue kompyuta kwanza?

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Nenda kasome. Nalisema mapema ili usiyasome haya yote ukiwa na wasiwasi. Ila naanza na hoja ya ami yako, kwa kuwa ndiyo nzito zaidi katika swali lako, na sehemu yake kubwa ni kweli.

Chuo kikuu hakitakufundisha kuchonga ulimi ukaingia katika tundu lake kwa pigo moja la nyundo. Hakitakufundisha kunoa patasi, wala kutambua kwa sauti ya randa kwamba nyuzi za mbao zimegeuka. Saa za karakana chuoni ni chache, mashine hutumiwa kwa zamu, na wanafunzi wengi wanaofika pale hawajawahi kushika msumeno. Nimefundisha ubunifu miaka mingi, na wiki za kwanza tu humjua aliyelelewa katika karakana: kabla hajaupima ubao, huuinua akautazama ncha kwa ncha kuona kama umepinda. Hilo unalo. Amekupa ami, na hakuna ada inayolinunua.

Sasa itazame kazi inavyoingia katika karakana hiyohiyo. Mwenye nyumba kule Shela, au meneja wa hoteli, anakuja na picha kwenye simu. "Fundi, nitengenezee kama hiki." Fundi anaikuza picha kwa vidole, anakisia kimo, anataja bei ya mbao na siku za kazi. Kiti kinatoka, na mara nyingi kinatoka kizuri. Lakini aliyeamua kimo cha kiti kile, upana wa kikalio, mlalo wa egemeo na unene wa mguu yuko nchi nyingine, na malipo ya uamuzi huo yamebaki kwake. Fundi wetu amelipwa jasho. Mteja akirudi akitaka viti ishirini, ami hana budi kusimama juu ya kila kijana, maana vipimo vyote vimo kichwani mwake. Akishikwa na homa wiki moja, kazi inalala.

Kinachotolewa na chuo kizuri ni uwezo wa kukiamua kiti kizima kabla ubao haujakatwa, na kuuandika uamuzi huo kwenye karatasi kiasi kwamba fundi wa Malindi asiyekujua aufuate bila kukupigia simu. Ukiupata uwezo huo, miaka minne haikupotea. Ukirudi bila huo, ami atakuwa amesema kweli, hata ukirudi na joho.

Ninaposema mchoro, sina maana ya picha za kupendeza za kuning'inizwa ukutani. Mchoro wa samani ni wa kazi. Una sura ya mbele, ya ubavuni na ya juu, kwa kipimo cha 1:10 au 1:5. Una mkato unaopita katikati ya kiungo ili fundi aone ulimi una unene gani na unaingia kina gani. Viungo vigumu huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na vipande vya mbao vikawekwa juu ya karatasi kulinganishwa. Mwisho huja orodha ya vipande vyote: urefu, upana, unene, idadi.

Chukua mfano wa kiti cha kulia chenye mikono. Kikalio kiko sentimita 45 kutoka sakafuni, mkono uko sentimita 23 juu yake, basi mkono uko kwenye 68. Meza ina kimo cha sentimita 75. Ubao wake wa juu una unene wa 2.5, na chini yake pana ubao wa kufungia miguu wenye kina cha 8. Toa, utabaki na 64.5. Mikono ya kiti itagonga meza, mlaji atakaa mbali na sahani yake, na viti havitasukumika ndani watu wakimaliza kula. Penseli hukuonyesha hilo kwa dakika chache. Mvule hukuonyesha baada ya kununuliwa, kukatwa na kupakwa vanishi.

Jambo la pili ni mwili wa mtu. Karakana hurithi vipimo. Chuo hukulazimisha kuuliza vimetoka wapi. Kiti cha kawaida cha kulia huwa na kikalio cha sentimita 42 hadi 45, kwa sababu nyayo zinatakiwa zikanyage sakafu na mapaja yasibanwe kwa chini. Meza hupanda sentimita 28 hadi 30 juu ya hapo ili viwiko vipate nafasi. Lakini mtengenezee nyanya mwenye maumivu ya magoti, utakipandisha kikalio hadi 48 au zaidi na kuisogeza mikono mbele, maana anachohitaji ni kusimama bila kuomba mkono wa mtu. Mtengenezee mwalimu wa chuo cha Kurani anayeketi chini na watoto, huenda asihitaji kiti kabisa. Anahitaji egemeo na marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, ya kimo kinachofaa. Anayeketi ni nani, anaketi muda gani, mikono yake inafanya nini: utaulizwa maswali haya mpaka uyachoke, na siku utakapoanza kujiuliza mwenyewe bila kushurutishwa, hapo umekuwa mbunifu.

Tazama kiti cha enzi, kile cha heshima cha pwani yetu, kwa jicho hilo. Egemeo limesimama wima, kikalio ni kipana, miguu ya mgeni imewekewa pa kukanyaga, na mpingo umetiwa vipande vya pembe au mfupa. Hakikubuniwa kwa mtu kujilegeza. Kilibuniwa ili aliyeketi aonekane ameketishwa kwa heshima, na kila kipimo chake kinatii hilo. Vivyo hivyo vitanda vya kale vya Lamu vilivyo juu mpaka mtu akahitaji kistuli cha kupandia: hewa inapita chini, na pana pa kuweka vitu katika chumba chembamba. Hayo umeyaona maisha yako yote. Chuo kitakupa njia ya kuyaeleza kwa mtu asiyewahi kufika Lamu, na kuyabadilisha bila kuyaharibu.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalowagharimu mafundi wengi wa pwani sifa zao: tabia ya mbao. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kwa urefu haibadiliki sana. Kwa upana hupanuka na kunywea, na upande unaofuata duara za mti hubadilika takriban mara mbili ya upande unaoelekea kwenye kiini. Ubao uliozoea hewa ya bahari ya Lamu ukipelekwa Nairobi, hukauka zaidi. Ukipelekwa Ulaya katika nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 6 au 9 tu.

Piga hesabu. Una ubao wa meza wenye upana wa milimita 600, wa mti unaonywea robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Ukipoteza asilimia 4 za unyevu, meza imenywea milimita 6. Kama umeigandisha kwa gundi na skrubu pande zote, haina pa kwenda, itapasuka. Mteja wa Nairobi atasema mafundi wa Lamu hawajui kazi, hali fundi alichonga vizuri kabisa. Kilichokosekana ni matundu marefu ya skrubu yanayouruhusu ubao usogee, na ubao wa kati uliotakiwa kuelea ndani ya mfuo wa fremu bila gundi.

Nina maoni yangu hapa, nawe uyachunguze. Naamini wazee wetu walilijibu tatizo hili kwa kamba. Kitanda cha kuwamba kina matendegu (miguu), mifumbati (miti ya ubavuni) na vitakizo (miti ya kichwani na miguuni), vyote vipande vyembamba. Ile sehemu pana, ambayo ingekuwa ya ubao ingepasuka au kupinda, ni kamba iliyosukwa. Kiti cha enzi nacho, nafasi zake pana zimejazwa nyuzi zilizosokotwa, hazikujazwa mbao. Mti ukipanuka na kunywea, kamba haijali. Na hewa inapita mgongoni mwa mtu katika joto la kaskazi. Wewe unayejua kuwamba unashika mkononi suluhisho ambalo wanafunzi wenzako watalisoma kama dhana.

Mbao zenyewe zina sheria zake pia, na mbunifu asiyezijua huchora vitu visivyoweza kutengenezwa. Mvule na mbambakofi ni ghali na adimu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, lakini kuikata kunahitaji kibali, na boriti za mikoko zimekatazwa kusafirishwa nje tangu mwaka 1982. Ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchi nzima Februari 2018, na serikali ikatangaza kuliondoa katazo hilo 2023. Katikati ya miaka hiyo karakana nyingi zilihamia kwenye mbao za kuagizwa na MDF, yaani mbao za kiwandani za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi. Mpingo, pamoja na jamii yake yote, uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, kwa hiyo mzigo wa kuuza nje huenda ukahitaji hati. Pembe za ndovu usiziguse. Mfupa wa ng'ombe au wa ngamia unafanya kazi ileile. Ningependa pia uuangalie mwembe, mvinje na mwarobaini, miti tunayoiona kila siku na ambayo wabunifu wetu hawajaishughulikia inavyostahili. Na kwa chochote kitakachokaa karibu na bahari, skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Gundi nyeupe ya kawaida hulegea ikilowa, usiiamini kwa viti vya barazani.

Nije kwenye swali la kama shahada ipo. Yenye jina hilo hasa usiitafute sana katika orodha za KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo Kenya. Kwetu Kenya samani hufundishwa ndani ya shahada pana zaidi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya ubunifu, ambayo ndani yake mna njia ya ubunifu wa bidhaa na ya ubunifu wa ndani ya nyumba. Samani huangukia zote mbili. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya nacho kina idara ya ubunifu. Ukivutwa zaidi na mti wenyewe, yaani ukaushaji, nguvu, gundi na viwanda vya mbao, tazama masomo ya sayansi ya mbao kule Eldoret. Na ukivuka mpaka, Moshi pana Chuo cha Viwanda vya Misitu kinachofundisha cheti na stashahada za kazi ya mbao. Wakenya hawakifikirii, lakini kwa mtu anayetaka kiwanda zaidi ya studio ni mahali pa kuuliza.

C+ yako inakufungulia mlango wa shahada, lakini kila programu ina masomo yake inayoyapima na alama zake za mwisho, na hizo hubadilika mwaka hadi mwaka. Zitazame kwenye tovuti ya KUCCPS kabla ya kuchagua, usitegemee alichoambiwa binamu yako mwaka juzi. Usipopata nafasi, stashahada ya ubunifu wa ndani au ya ujenzi kisha shahada baadaye si njia ya walioshindwa. Nimewaona waliopita huko wakifika mwaka wa pili wakiwa imara kuliko wenzao. Kwa upande wa ada, omba mapema mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na uulizie basari ya kaunti kabla fomu hazijafungwa.

Kabla ya kuchagua, piga simu idarani au mtume ndugu aliye karibu akaulize. Je, karakana ya mbao ipo, na hufunguliwa saa ngapi? Fundi wake ni nani? Je, mwanafunzi huhitimu akiwa ametengeneza angalau samani moja ya ukubwa kamili kwa mikono yake, au anamaliza kwa picha za kompyuta tu? Mazoezi ya kazini ni ya miezi mingapi? Katika shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, kila karakana iliwekwa chini ya walimu wawili, mmoja wa umbo na mmoja wa ufundi. Idara isiyo na yule wa pili itakuchukua ukiwa seremala na kukurudisha ukiwa mchoraji tu. Nakusihi uikwepe.

Maana umeniambia wewe ni msichana, nikugusie hili pia. Bauhaus hiyohiyo ilijitangaza kuwapokea wanawake, kisha wengi wao ikawasukuma kwenye ufumaji. Charlotte Perriand, Mfaransa, alianza kufanya kazi na msanifu majengo Le Corbusier mwaka 1927 na jina lake likakaa miaka mingi nyuma ya majina ya wanaume. Mwaka 1940 alikwenda Japani, akakaa na mafundi wa huko, na kile kiti cha kulalia alichoshiriki kukibuni kwa mabomba ya chuma akakitengeneza upya kwa mianzi. Kazi kama hiyo unaiweza. Utakutana na watu, Lamu na Nairobi, watakaotaka uchague rangi za mito na mapazia wakati wenzako wanakata mbao. Omba mashine. Ukiambiwa ngoja, omba tena kesho yake, kwa adabu.

Sasa kazi niliyokusudia kukupa, na ndiyo muhimu kuliko ushauri wote wa juu. Mwaka 1924 Kaare Klint alianzisha masomo ya samani katika chuo cha kifalme cha sanaa cha Copenhagen, Denmaki. Msingi wa mafundisho yake ulikuwa kupima: mwili wa mtu, nguo na vyombo vinavyoingia kabatini, na samani za kale za mataifa mengine, mpaka mwanafunzi ajue kwa nini zilikaa vile. Katika mji huohuo na kwa mtazamo huo alisomea ubunifu Hans Wegner, aliyeanza akiwa mwanagenzi wa seremala katika mji mdogo wa Tønder. Mwaka 1944 alitoa kiti kilichozaliwa na viti vya Kichina vya enzi ya Ming. Miaka michache baadaye akatoa kingine cha ukoo huohuo, chenye egemeo lenye umbo la Y, na kikalio chake kimesukwa kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa kama mita 120. Kinatengenezwa hadi leo na kuuzwa dunia nzima. Denmaki ndogo ilijijengea jina kwa kupima kwa makini vitu vya kale na kuvifikiria upya.

Sisi vitu vya kupima tunavyo. Makumbusho ya Lamu yana samani; nyumba za Mkomani zina vitanda na makasha; Siyu kuna kazi za mikono za watu waliojulikana pwani nzima kwa ufundi. Kabla ya kwenda chuo, chagua vitu vitatu tu: kitanda cha kuwamba, kasha, na kiti kimoja cha zamani. Omba ruhusa ya mwenyewe, na makumbushoni omba kwa barua. Pima kila kipande kwa milimita. Tendegu lililokerezwa, lizungushie kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kila linapobadilika unene, uandike. Chora kiungo kama unavyokiona, na pale usipoona ndani andika kwamba hukuona. Andika ni mti gani, palipokarabatiwa, nani alitengeneza kama yuko anayekumbuka, na kamba ni ya nini. Hesabu mistari ya uwambaji na uchore mpangilio wake. Ami atakusaidia hapa kuliko mwalimu yeyote, na nadhani kazi hii ndiyo itakayomlainisha: ataona kwamba hukumtoroka, unaandika elimu yake.

Michoro hiyo itakuwa nusu ya jalada la kazi zako utakapoulizwa ulichofanya. Nusu nyingine iwe picha za vitu ulivyotengeneza wewe, hata kistuli, hata kibao cha mbuzi, pamoja na picha za hatua za kazi na jambo moja ambalo ungelifanya tofauti. Usijaze nakala za picha za intaneti. Kuhusu kuchora kwa mkono, huhitaji kipaji cha ajabu. Unahitaji kuchora kila siku. Hisabati inayotakiwa ni ya uwiano, pembe na sehemu, na hiyo karakana imeshakufundisha nusu. Wakati ungali Lamu, ulizia pia mtihani wa ufundi wa useremala unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya III. Ni hati ndogo, lakini inawaambia watu wa chuo kwamba mikono yako imepimwa.

Baba ana haki ya kuuliza habari ya ajira, nami simpambii. Matangazo ya kazi yanayosema wazi "mbunifu wa samani" ni machache Kenya. Wengi huanza katika kampuni za ubunifu wa ndani ya nyumba, Nairobi au Mombasa, wakichora makabati ya jikoni na ya nguo, mengi yake ya MDF, na kusimamia ufungaji. Wengine huchukuliwa na hoteli, na kampuni za vibanda vya maonyesho. Wengine hukaa katikati ya mteja na mafundi wa Ngong Road, wakiwapelekea michoro na kukagua kazi. Miaka ya kwanza mshahara si mkubwa. Lakini aliye na mkono na mchoro kwa pamoja hupanda haraka, kwa kuwa anaweza kuzungumza na mteja asubuhi na fundi mchana, na wote wawili wakamwelewa.

Na kurudi nyumbani kuna kazi. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nyumba zinakarabatiwa, na wenye nyumba wanataka samani zinazolingana na kuta zile za matumbawe na vidaka vyake. Tatizo letu kubwa ni usafirishaji: kila kitanda kinachouzwa nje ya kisiwa hubebwa kwa punda au mkokoteni, kikapanda mashua mpaka Mokowe, kisha lori. Michael Thonet alilikabili jambo kama hili Vienna. Kiti chake nambari 14, cha mwaka 1859, kilikuwa vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofumuliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Kitanda chetu cha matendegu na mifumbati tayari kina mwanzo wa wazo hilo, maana viungo vyake ni ulimi na tundu. Atakayekichora upya kiasi kwamba kifunguliwe, kifungwe katika furushi moja, kisha mteja wa Nairobi akiunge mwenyewe na kukaza kamba bila fundi, atakuwa amefungua soko ambalo karakana za Lamu haziwezi kulifikia leo. Mwonyeshe baba sehemu hii.

Ukishabuni kitu kipya, ujue kwamba umbo lake linaweza kusajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili ubunifu na uvumbuzi, Nairobi. Usajili hulinda kwa miaka mitano na unaweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15. Lisajili kabla ya kuliweka mitandaoni, kwa kuwa linatakiwa liwe jipya. Nakshi na maumbo ya jadi hayawezi kuwa mali ya mtu mmoja, na ni vyema hivyo.

Kompyuta usinunue sasa. Mwaka wa kwanza utachora zaidi kwa mkono, na programu zinazotumika, kama AutoCAD, SketchUp na Rhino, hubadilika, na kila idara ina yake inayoipendelea. Ngoja uambiwe ni ipi, na ujue inahitaji mashine ya nguvu gani. Fedha uliyo nayo nunua futi ya chuma ya sentimita 30, tepu ya mita 5, kalipa, penseli za HB na 2H, kiguni cha seremala, na bunda la karatasi za A3. Kinachobaki mpe ami akununulie patasi nzuri ya milimita 12, yako mwenyewe, na akufundishe kuinoa kabla hujasafiri, kwa sababu patasi za chuo huwa butu.